Anwani ya Aliyehama

Bangili ya mzee aliyezikwa juzi ilikuwa imezimwa na kutiwa kwenye boksi, lakini kompyuta ilisema mzee ameamka.

"Kaka, baba tumemzika," binti wa marehemu alimwambia kijana aliyepokea simu. "Mbona mnaniletea ujumbe kwamba ameamka? Mnanitania?"

"Samahani, dada. Ni hitilafu ndogo tu. Narekebisha."

Hitilafu ilikuwa ya kijana mwenyewe. Si bure wenzake walimwita Mkato, kwa kupenda njia za mkato. Kampuni yao iliwavisha wazee bangili, na programu aliyoiandika ilitafsiri ishara za bangili kwa maneno manne tu: amelala, ameamka, anatembea, ameanguka. Msimamizi wake, mwanamke mkali ambaye ofisi nzima ilimwita Shangazi, alimwonya tangu mwanzo kwamba kila ujumbe unakiliwe, wala asishike anwani ya pale ulipokaa, maana nafasi za kumbukumbu ya kompyuta hufagiliwa na kupewa ujumbe mwingine. Mkato aliona kunakili kunamchelewesha. Akashika anwani, akajiona mjanja.

Mama yake mzazi, aliyeishi peke yake, naye alivaa bangili moja. Siku hizi Mkato hakuwa akipita kumjulia hali, aliangalia tu kioo cha kompyuta. Tangu asubuhi kiliandika: Mama amelala. Alale, maskini, akawaza.

Ndipo ikaja harufu ya udongo uliotoka kuchimbwa, humo ofisini, juu ghorofani, madirisha yamefungwa. Na chini ya jina la marehemu yakatokea maneno: Ana kiu.

Programu haikulijua neno hilo. Mkato alilifuta, likarudi, akalifuta tena, likarudi na wenzake, analia, anatambaa, anamwita mwanawe, na kila neno lilipotokea feni ya kompyuta ilivuta pumzi na kuishusha taratibu, kama mtu aliyeketi chini ya meza akijizuia kucheka.

"Shangazi," alinong'ona. "Njoo uone."

Shangazi alisoma, rangi ikamtoka. "Umeshika anwani?"

"Nimeshika."

"Mjinga we! Nyumba ikihamwa haikai tupu. Ukizidi kubisha hodi kwa jina la aliyehama, yupo atakayekuitikia."

"Nani?"

"Usimwulizie kwa sauti. Nakili. Majina yote, upya, kutoka kwenye bangili zenyewe."

Mkato aliandika, Shangazi amesimama nyuma yake akisoma dua chini kwa chini. Jina la marehemu likatoweka. Feni ikatulia na harufu ikaisha. Shangazi akashusha pumzi, "Ametoka."

Kisha ujumbe wa kweli wa mama ukafika kiooni: Ameanguka. Ulikuwa wa asubuhi.

Mkato akaelewa, na kuelewa kukamkata maini. Kile kitu kilikaa katika jina la mama kikisema amelala, ili mwana asiondoke kitini, na vilio vya mama kikavitupa chini ya jina la maiti, kwa kujifurahisha tu.

Alikimbia mpaka kwa mama. Jirani alikuwa mlangoni, macho mekundu.

"Tumevunja mlango, baba. Tumechelewa. Tumemkuta jikoni, amejikokota kuuelekea mtungi wa maji, hakuufikia. Ulimi mkavu, masikini. Tumemlaza chumbani, tumemfunika shuka."

Mkato alishika kichwa. Hakuwaza chochote, uchungu ulimjaa kifuani ukatoka wenyewe, akamwita kama alivyomwita tangu utotoni.

"Mama!"

"Naam, mwanangu," chumba kikaitika. "Ingia."

Jirani alipiga yowe akatoka mbio, kanga ikabaki mlangoni. Mkato alisikia shuka likiburutwa sakafuni. Alijua, kuliko mtu yeyote, ni nani huitika pale mwenyewe anapokuwa ameondoka. Lakini sauti ilikuwa ya mama kabisa, na tangu asubuhi mama alikuwa akimwita bila yeye kumwitikia.

"Nakuja, mama," akasema. Akavua viatu, akaingia.