Mfuko Uliofungashwa Mbali

Fundi cherehani alikuwa na ugonjwa usiotibika: kukagua kila kitu. Jioni hiyo alimwaga mezani vidonge vya presha vya mumewe, dereva mstaafu. Mfuko ulikuwa umetoka duka la dawa asubuhi, na kidonge kimoja mzee alishakimeza.

"Mbona vizima?" aliuliza. "Juzi daktari si alikupunguzia? Alisema nusu."

"Mke wangu, siku hizi dukani hawafungashi. Wanatuma cheti kwenye kituo cha kufungasha dawa, huko kuna mashine. Utashindana na mashine?"

"Hata cherehani yangu ni mashine. Nikiipa kitambaa cha mtu mwingine, inashona tu."

Mzee alicheka, akainuka kuchukua maji. Kizunguzungu kikamrudisha kitini. Fundi alishtuka kweli kweli. Wiki iliyopita mumewe alianguka bafuni, kwa sababu kidonge kizima kilishusha presha kupita kiasi.

"Usimeze kingine. Nishike mkono, tukaulize."

Dukani, mfamasia alilinganisha vidonge na cheti kipya. Hakuumauma maneno.

"Mama, umeona sawa. Kituo kimetumia cheti cha zamani. Na sisi tulisoma jina tu, tukakupa mfuko. Nisameheni."

"Si wamekosea wao?" mzee aliuliza.

"Kazi tumewapa wao, baba. Dhamana ni yangu."

Alimpima mzee presha, akampigia daktari, akamkatia nusu zake. Kisha akakipigia kituo.

"Cheti kikibadilika, msifungashe mpaka mnithibitishie mmekipata. Kila kosa nitaliandika, nanyi mtanijibu limetokeaje."

Akamgeukia msaidizi wake. "Kuanzia leo hakuna mfuko unaotoka bila kufunguliwa. Mimi nasoma cheti, wewe unatazama dawa: jina, aina, kipimo. Wote tunasaini."

Walianza papo hapo na mifuko ya rafuni. Fundi na mumewe walikaa wakitazama. Mfuko wa saba ulikuwa wa mama mwenye kisukari. Nao ulikuwa na kipimo cha zamani. Mfamasia aliuweka kando, akaandika.

Muda si mrefu mwenye mfuko akaingia. Alipoambiwa asubiri, akakunja uso. "Nimeambiwa mfuko wangu umefika. Mbona mnanizungusha?"

Mzee aliinuka polepole, akamwachia kiti.

"Kaa, dada yangu. Mimi kidonge changu cha kosa nilikimeza. Cha kwako wamekikamata."