Karatasi ya Enoch Ondoga

Mwaka 1977 sabuni ilikuwa adimu mjini Arua, sukari adimu, na karatasi ndiyo usiseme. Kila asubuhi nilifagia uwanja wetu pale Awindiri, nikachota maji, nikawasha moto wa chai, kisha nikashika njia ya shule. Mama yangu, Hajara, alibaki barazani akisuka sinia za ukili wa rangi, kazi aliyofundishwa na mama yake kule Koboko. Baba yangu, Umaru Sulaiti, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Tulibaki wawili, mimi Hawah na mama, na nyumba ya vyumba viwili aliyotuachia.

Mwalimu wetu hakutaka mchezo na madaftari. Daftari bila jalada, kiboko. Sasa jalada ningelitoa wapi, na maduka yana rafu tupu? Siku moja nilifungua sanduku la bati la marehemu baba. Chini kabisa nikakuta karatasi ngumu, nzuri, yenye picha ya ndege mwenye shungi. Imeandikwa Kiingereza, na jina la mwenye karatasi ni Enoch Ondoga. Enoch Ondoga ndiye nani? Simjui! Nikajiambia, hii ni ya mtu mwingine, haina kazi hapa. Nikajalidia daftari langu la hesabu, maandishi nikayageuza ndani.

Muhula mzima, mwalimu akifundisha sehemu na desimali, mimi nilikuwa nasoma jalada langu. Muhula ulipokwisha, nilipeleka daftari sokoni kwa muuza njugu, kwa kuwa wauza njugu walihitaji karatasi za kufungia. Akanipa njugu kikombe kimoja. Nilikula zote njiani, sikumbakizia mama hata punje.

Wiki ya pili ya likizo, karani wa mji alipita Awindiri akitangaza: kila mwenye kiwanja alete karatasi yake ofisini ndani ya siku thelathini. Asiye na karatasi, kiwanja chake atapewa mwingine. Mama hakushtuka hata kidogo.

"Hawah," aliniita, "nitolee karatasi ya baba yako. Iko chini ya sanduku. Ngumu hivi, ina picha ya ndege."

Lo! Moyo ulinipasuka. Niliingia chumbani, nikapekua sanduku kama mtu anayetafuta kweli, na huku najua fika kwamba karatasi ile imekwisha sokoni, vipande vipande, mikononi mwa walaji njugu.

"Haipo, mama. Labda mchwa."

"Mchwa ndani ya bati?"

"Sijaiona, wallahi."

Nilimwapia Mungu uongo. Mama aliingia mwenyewe. Alitoa nguo zote za baba, akazikung'uta moja moja, akazirudisha, akazitoa tena. Hakujua kusoma, kwa hiyo alinipa kila kikaratasi nimtazamie. Jioni hatukula. Kama nyumba ingekwenda, tungekwenda wapi? Babu Sulaiti wa Koboko alikwisha kufa, na nyumba yake ilikuwa imeanguka.

Kesho yake tulikwenda ofisini. Karani alikuwa mtu mpole, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua kabati. Ndani mlikuwa na vumbi la udongo mwekundu.

"Mama, ona mwenyewe," alisema. "Kitabu ya zamani hapana iko. Mchwa ilikula yote."

Mama alishika ukingo wa meza. "Basi nimekwisha."

"Ngoja kwanza. Waliopewa viwanja siku zile, majina yao yalichapishwa katika Gazeti la Serikali. Si gazeti la kufungia samaki, hapana. Ni lile la kutangaza sheria na amri. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere inaweka nakala zote, tangu zamani. Uko na mtu Kampala?"

Tulikuwa naye! Fadhul, mdogo wake mama, alikuwa mwanafunzi hapo hapo Makerere. Mama aliniamuru niandike barua: mjomba atafute kiwanja cha Umaru Sulaiti, Awindiri. Niliandika kama alivyosema. Nilijua jina si hilo. Lakini ningesemaje, bila kusema nimelijuaje? Barua tulimpa dereva wa basi la Kampala, nami nikamwomba Mungu mjomba aone kitu, chochote kile.

Siku zilikwenda. Petroli ilikuwa haba, basi likalala Kampala wiki nzima. Siku moja watu wa mfanyabiashara mmoja aitwaye Candia walikuja na kamba ya kupimia. Wakapima uwanja wetu kuanzia jikoni mpaka barabarani, sisi tumekaa tunawatazama. Mama aliwauliza wanafanya nini.

"Tunapima tu, mama," walisema, wakacheka.

Siku ya kumi na nane jibu lilifika. Nilimsomea mama barazani:

"Dada Hajara, salamu sana. Nimefanya kama ulivyosema. Mkutubi amenionyesha magazeti ya serikali, yamefungwa pamoja kwa miaka, na mwisho wa kila mwaka kuna faharasa ya majina na mambo. Tumetafuta mwaka 1955 hadi 1966. Umaru hayumo. Sulaiti hayumo. Mkutubi anasema maktaba si mpiga ramli, huulizwa kwa jina lenyewe. Kama yupo mtu aliyewahi kuiona karatasi hiyo, aniandikie jina kama lilivyoandikwa, mwaka, na nambari. Bila hivyo, dada yangu, sina la kufanya."

Niliposoma "kama yupo mtu aliyewahi kuiona", nilijua mtu huyo ni mimi. Mama hakulia. Aliweka ukili chini, akasema kwa sauti ndogo, "Basi. Tuanze kufunga vitu." Akaenda kushusha mapazia.

Pale ndipo niliposhindwa. Ningevumilia fimbo, ningevumilia matusi, lakini kumwona mama akikunja mapazia ya nyumba yake kwa sababu ya uongo wangu, hapana.

"Mama, mimi ndiye niliyeichukua!" Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Nikamwambia yote: jalada, muhula, njugu. "Lakini niliisoma, mama. Kila siku niliisoma. Nambari ni arobaini na saba, mwaka ni 1959. Jina si la baba. Ni la mtu anaitwa Enoch Ondoga, ndiyo maana nikadhani haina kazi!"

Mama aligeuka, pazia mkononi.

"Umesemaje? Rudia jina."

"Enoch Ondoga."

Alikaa chini pale pale sakafuni. "Yarabi! Hawah, huyo ndiye baba yako."

Ndipo nilipoelewa. Baba alikuwa Mlugbara wa Omugo. Alipotaka kumwoa mama alisilimu, akapewa jina Umaru, na babu Sulaiti, baba yake mama, aliyemsimamia akampa lake liwe la pili. Kwetu, jina la mtu la kabla ya kusilimu halitajwi nyumbani. Ni heshima. Tangu harusi mama hakulitamka, na kwa miaka yote hiyo lilikuwa limemtoka akilini. Lakini kiwanja baba alikipata angali Enoch.

Mama alinichapa? Alinichapa, na sikukimbia. Kisha akanipa kalamu. "Andika. Upesi."

Siku zilikuwa zimebaki kumi na mbili. Barua ilipoondoka, mama alidandia lori la tumbaku kwenda Omugo kumtafuta kaka yake baba, mzee Ayiko, ambaye hatukuwa tumeonana naye tangu mazishi. Mimi nilikaa nyumbani nikihesabu. Kumi. Saba. Nne. Mama alirudi na mzee Ayiko, lakini basi halikuja. Siku ya ishirini na tisa Candia mwenyewe alileta matofali, akayashusha mbele ya mlango wetu. Mimi nililia waziwazi, sikuona haya.

Asubuhi ya siku ya thelathini Mjomba Fadhul aliteremka kwenye lori la chumvi, mweupe kwa vumbi kama aliyejipaka unga. Hakuketi, hakunywa maji. Tulikwenda mbio ofisini, mama, mzee Ayiko, yeye na mimi. Akatandaza karatasi iliyopigwa chapa kwa taipureta, na muhuri wa maktaba chini yake: tarehe ya gazeti, ukurasa, Awindiri, kiwanja nambari 47, Enoch Ondoga.

Karani alisoma mara mbili. "Vizuri. Lakini nitajuaje kwamba Enoch huyu ni Umaru?"

Mzee Ayiko akasimama. "Ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Aliposilimu nilimnunia miaka mitatu. Mtu hununa kwa ajili ya mtu asiyemjua?"

Karani alicheka, akaandika maneno yake, mzee akatia dole gumba. Kisha karani akagonga muhuri. Mchana ule Candia alikuja kuchukua matofali yake, wala hakusalimia mtu.

Tulipokwisha kula, nilimpigia Mjomba Fadhul magoti nimshukuru. Aliniinua.

"Usinishukuru mimi," alisema. "Ile faharasa nilikuwa nimeifungua tangu barua ya kwanza, na Ondoga alikuwamo. Ukurasa ule ule nilioupitishia kidole! Sikumwona kwa sababu niliulizwa mtu mwingine."

Mama alinivuta karibu naye. Macho yake yalikuwa bado mekundu.

"Sikia, Hawah. Karatasi ya baba yako uliipoteza, na Kampala kulikuwa na nakala. Ulipoapa mbele yangu kwamba hujaiona, nilikuamini. Ukiipoteza imani ile, mwanangu, hakuna maktaba iliyoniwekea nakala yake."

Niliweka kichwa kwenye bega lake, naye hakulisogeza.