Safu ya Aliyeiona Maiti

Kitabu cha vifo kilinuka udongo mbichi. Kabati lenyewe liko ghorofa ya tatu, na kitabu hakijafunguliwa miaka sitini. Huo udongo ulitoka wapi? Fundi cherehani hakujiuliza. Mama yake alikuwa hoi kitandani, na ombi lake ni moja tu: azikwe ubavuni mwa baba yake.

"Babu yako huyu hapa," karani alisema, kidole kikishuka na mstari. "Jina, siku, ugonjwa, namba ya kaburi. Ila nakala sitoi, dada. Safu ya mtoa taarifa iko wazi. Inataka saini ya aliyeiona maiti kwa macho yake."

"Na bila nakala?"

"Makaburini hawachimbi."

"Basi nipe kalamu. Nilimwona mimi."

"Wewe? Ulimwona ukiwa tumboni?" Karani akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. Kisha akachungulia mlangoni, akasukuma kalamu. "Haya, tia. Nani atakuja kuuliza?"

Akatia. Ukurasa ukaunywa wino kama mchanga wenye kiu.

Watu husema jini huogopa mwanga na kelele. Waongo wakubwa! Huyu alikuja saa nane mchana, jua kali, redio ya jirani inapiga kelele. Fundi yuko kwenye cherehani, nakala iko kwenye droo, mara harufu ile ile ya udongo ikaingia, nyuma yake nyayo zilizolowa, chapa, chapa, zikapita jikoni bila kusita kama za mwenye nyumba, zikaingia chumbani kwa mama, kitanda kikalia kama kimekaliwa na mtu mzito, na mguu wa fundi ukaganda juu ya pedali huku sindano ikiendelea kushona yenyewe.

"Mwanangu," mama alinong'ona kutoka chumbani. "Kuna mgeni. Sura ni ya baba, lakini miguu... miguu si ya mtu."

"Usimtazame, mama! Nakuja."

Akafumba macho kabisa, akapapasa ukuta, akapapasa mlango, akaupata mkono wa mama, akaushika.

"Unataka nini kwetu?" fundi akauliza.

Pumzi baridi ikamgusa sikio. "Umeandika uliniona. Nimekuja kuuliza: nilikuwaje?"

"Mjibu," mama akasema akihema kwa shida. "Mjibu upesi, mwanangu, amenikalia kifuani."

Na jibu hakuwa nalo, mpaka afumbue macho.