Mtu Aliyepanda Juu ya Pipa

Kila asubuhi, katika baridi ya mwezi wa sita, Adija alichota maji bombani, akampelekea bibi yake chai, kisha akashika njia ya shule kupitia vichochoro vya mtaa wa Kamalondo. Moshi wa kiwanda cha shaba ulilala chini na kuchanganyika na ukungu, hata nyumba zikaonekana kama zinaelea. Adija aliipenda saa hiyo. Ndani ya ukungu aliweza kumwona babu yake, fundi Feruzi, akitembea mbele yake na futi ya kupimia nguo shingoni, ingawa walikuwa wamemzika kabla mvua hazijakoma.

Shuleni walikuwa wakijiandaa kwa sikukuu ya miaka kumi ya uhuru. Siku moja, baada ya kupandisha bendera na kuimba nyimbo za chama, Mwalimu Edouard aliuliza darasa, "Nani ana mtu wa kwao aliyepigania uhuru? Atasimama mbele ya wageni na kutusimulia."

Léonie, aliyekaa nyuma, akacheka. "Adija, kwenu mulipigania nini? Vifungo vya shati?"

Darasa zima likacheka. Adija alisimama kabla hajajua kwamba amesimama. Maneno yakamtoka kama ya mtu anayeota. Alisema kwamba zamani za ukoloni, mji ulipokuwa bado ukiitwa Elisabethville na mikutano imekatazwa, babu yake alipanda juu ya pipa sokoni. Askari walipokuja na bunduki, watu wakatawanyika kama kuku. Yeye akabaki palepale, akisema, "Nchi hii ni yetu," mpaka wakamshusha kwa kipigo.

Hakuna aliyecheka tena. "Basi utasimulia wewe," alisema mwalimu kwa sauti ya chini.

Msichana mmoja tu, Mwaba, hakumtazama Adija. Aliinamisha kichwa na kukwaruza deski kwa ukucha.

Habari hiyo Adija aliisikia kwenye matanga ya babu. Wanaume walikuwa wakizungumza karibu na moto, naye amejilaza mapajani mwa shangazi yake, nusu macho, nusu usingizini. Jina la mtu wa pipa lilipita sikioni mwake likaenda na moshi. Alijua kwamba halikuwa jina la Feruzi. Lakini tangu hapo, kila alipofumba macho, aliyesimama juu ya pipa alikuwa babu, wala hakuwa na moyo wa kumshusha.

Alasiri ile, mwalimu alifika nyumbani kutoa pole. Bibi Alima alikuwa akikaa eda, amevaa nguo nyeupe, hatoki nje mpaka siku zake ziishe. Kwa hiyo mwalimu alibaki barazani, akazungumza naye kupitia pazia.

"Pole sana, mama. Tunajivunia mzee. Kusimama mbele ya bunduki, si jambo dogo!"

Nyuma ya pazia kikombe cha chai kiliwekwa chini.

"Asante kwa kutufikia, mwalimu," bibi alisema. "Ile habari, Adija mwenyewe atakuletea kesho. Yote."

Mwalimu alipoondoka, bibi alimwita Adija. "Nani alipanda juu ya pipa?"

"Babu."

"Adija."

Adija akatazama sakafu. "Sikushika jina lake, Bibi. Lakini hakuwa babu."

"Alikuwa Kapya, baba ya Mwaba. Walimufunga. Alirudi anakohoa, hakumaliza mwaka."

Ukungu wote ukamtoka Adija kichwani. "Lakini Mwaba alikuwa pale! Kwa nini hakusema kitu?"

"Kwa sababu wewe uko na kilio. Hapa kwetu, mutu hashindani na mwenye kilio. Mama yake alimufundisha vizuri. Alikuachia baba yake, mutoto wangu, ili asikuumize."

Adija alilia sana. Hata aibu ilikuwa jambo dogo. Kilichomchoma ni ule ukucha wa Mwaba juu ya deski. "Basi babu hakufanya kitu?" aliuliza.

"Nani amesema hivyo? Bakina Kapya na wenzake walikutana wapi kwa siri? Pale, nyuma ya cherehani yake. Askari wakipita, babu yako anakanyaga mashine, haina hata uzi, ili sauti za wenzake zisisikike nje." Ghafla bibi akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. "Na muoga yule! Aliniambia, 'Alima, mimi sikukanyaga. Miguu ilitetemeka yenyewe, mashine ikaenda.'"

Kesho yake Adija alisimama mbele ya darasa na kusema ukweli, wa pipa na wa cherehani.

"Nilijua!" alisema Léonie.

"Hukujua kitu. Nyamaza," alisema mwalimu. Kisha akamgeukia Mwaba. "Utatusimulia habari za baba yako?"

"Ninaogopa watu, mwalimu."

"Nitasimama karibu yako," alisema Adija. "Ukikwama, nitakufinya."

Mwaba alimtazama kwa mara ya kwanza. "Usifinye sana," alisema.

Siku ya sikukuu, Adija akiwa kando yake, Mwaba alizungumza taratibu, mama yake ameketi mbele, mikono imeshika kitenge. Jina la Kapya lilipotajwa, wazee uwanjani walivua kofia.

Adija alirudi nyumbani polepole.

"Walipiga makofi?" bibi aliuliza.

"Walipiga, Bibi. Kwa baba ya Mwaba. Mama yake alilia, halafu akanikumbatia."

Bibi alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Uhuru haukuletwa na mutu mumoja. Kuko waliosema, kuko waliotetemeka, na kila mutu apewe sehemu yake. Ukimupa marehemu sifa ya mwenzake, unamubebesha muzigo, naye hana tena mikono ya kuutua." Akalinyoosha vazi lake jeupe magotini. "Leo babu yako amelala mwepesi."