Bakuli la Mwanatumu

Angesema mtu mwingine ningecheka, lakini Mwanatumu ni rafiki yangu na si mwongo. Alihamia zile nyumba mpya nyuma ya Ukunda, zote sura moja kama vikombe vya seti. Mtu akitoka sokoni hujikuta anahangaika na kufuli la jirani.

Magharibi moja umeme ulikatika. Akampelekea jirani yake Nthambi, aliyejifungua juzi, bakuli la uji wa pilipili manga. Akapiga hodi.

"Karibu," mwanamke akaitika ndani, mtoto mchanga akilia. "Liweke hapo mlangoni, mwenzangu. Ahsante."

Asubuhi Nthambi akashangaa. "Uji gani, dada? Mimi sijaletewa kitu."

Wakaenda kutazama. Gizani Mwanatumu alikosea mlango: nyumba ile haijapata mnunuzi tangu ijengwe. Wakachungulia dirishani. Vumbi la saruji lilikuwa limetanda sakafu nzima, bila alama hata ya mguu mmoja. Bakuli mlangoni halikuwapo.

Mwanatumu akarudi kwake, akafungua kufuli. Bakuli lake lilikuwa mezani. Kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, na hili lilikuwa limejaa wali wa nazi, bado unafuka moshi.