Breki za Gitobu

Mchana ule uani kwa Gitobu, pale Kangeta, kila kitu kilikuwa shwari. Miraa ilikuwa imeletwa kutoka Laare ikiwa imefungwa kwa majani ya mgomba, na pickup zilikuwa zimepanga mstari zikingoja mzigo. Kananu, mke wa Gitobu, aliwamiminia madereva chai huku akimtazama kifungua mimba wake, Lennox, akikaza kamba za gari lake. Alijivunia kijana huyo, na alikuwa na haki. Lennox alikuwa dereva mpole katika kazi isiyojua upole, kwa maana miraa ikilala haina mnunuzi, na magari yanayoibeba hushuka kwenda Nairobi kama yanayokimbizwa na nyuki. Katika biashara hii breki si jambo la mchezo.

Kwa miaka mingi breki hizo zilitoka kwa Wawira, mama mwenye duka la spea mjini Embu. Huyo hakuwa muuzaji wa kukupa boksi na kukusahau. Aliwahi kumleta mhandisi wa kiwanda kinachotengeneza breki, akapandishwa pickup na kushushwa miteremko yote akiwa ameshikilia mlango kwa mikono miwili. Mhandisi yule aliporudi kiwandani alichagua breki ngumu zaidi kwa ajili ya magari ya Gitobu. Niambieni, ndugu zangu, ni wangapi kati yetu wanajulikana na kiwanda kwa jina?

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Gitobu alipoona magari yameongezeka, kichwa kikavimba. Akaanza kuwapigia wauzaji simu, akimdanganya huyu kwamba yule ameshusha bei, na yule kwamba huyu ametoa bure. Halafu akafanya la aibu kabisa. Alichukua breki kuukuu zilizolika, akazifunga ndani ya maboksi mapya ya Wawira, akazirudisha akidai ni mbovu.

"Baba Lennox, hii si haki," Kananu alimwambia. "Huyu mama ametutendea mema."

"Biashara si kanisa," Gitobu akajibu. "Hata yeye anatengeneza faida yake."

Wawira alimbadilishia, akapeleka zile mbovu kiwandani. Kiwanda kilizipima kikagundua kwamba hata hazikutengenezwa hapo. Wawira akapiga simu kwa upole, akitaka waelewane. Gitobu akaweka simu kwenye spika ili madereva wasikie anavyomfokea mwanamke wa watu.

"Wewe ni muuza duka tu! Kastoma kama mimi utampata wapi? Usinipigie tena!"

Madereva wengine walicheka. Kananu hakucheka. Aliona aibu hadi masikioni.

Baada ya hapo breki zikawa zinaletwa na jamaa mmoja mwenye maneno matamu, aliyeziuza kutoka kwenye buti ya gari lake. Maboksi yalifanana na yale ya kiwanda. Hakuwa na duka, wala hakuna aliyejua anakolala. Gitobu akamwita rafiki.

Basi siku hiyo ya chai, Lennox aliondoka wa kwanza. Runji, dereva wa pili, alimfuata baadaye kidogo. Haukupita muda mrefu simu ya Kananu ikalia. Alikuwa Runji.

"Mama, niko hapa Nchiru. Breki zimekataa! Nimegonga ukuta wa hosteli ya wanafunzi ndio nikasimama. Mimi niko sawa, lakini nimefungua gurudumu, hizi pedi za breki zinameguka kwa mkono kama andazi la jana!"

Gari la Lennox lilikuwa na breki za boksi lilelile, na mbele yake kulikuwa na mteremko wa Nithi, ambao kila dereva huushuka akiomba Mungu kimoyomoyo. Kananu alimpigia mwanawe. Simu iliita, haikupokewa. Gitobu mwenyewe alikuwa amewakataza madereva kushika simu wakiwa barabarani, na Lennox alikuwa mtoto mtiifu.

"Mpigie Wawira," Kananu akasema. "Ana mafundi barabara nzima ile."

Gitobu alitazama chini. "Nitamwambia nini yule mama? Baada ya yale?"

"Basi ukae na aibu yako. Mimi nampigia."

Wawira alipokea mara moja. Kananu hakuzunguka. Alimweleza ya Runji, na ya gari la Lennox, akataka kuomba msamaha, lakini Wawira alimkatiza.

"Hayo tutaongea baadaye. Atakuwa amefika wapi saa hii? Sawa. Fundi wangu Njeru yuko njia panda ya Chogoria, kabla ya Nithi, anawatengenezea wateja wengine malori ya majani chai. Ngoja nimpigie. Wewe endelea kuomba."

Njeru alikuwa fundi mwenye akili. Hakuziba njia kwa lori, maana gari lisilo na breki lingeligonga. Alikimbia hadi mahali barabara inapopanda, akavua ovaroli yake, akaipunga hewani. Lennox alimtambua, kwani ndiye aliyekuwa akiwafungia breki za Wawira. Akashusha gia, kilima kikalipunguza gari mwendo, akaliegesha kwenye ukingo wa udongo. Walipofungua gurudumu la mbele, pedi moja ilikuwa imebaki bati tupu.

Kananu aliposikia sauti ya mwanawe kwenye simu ya Njeru, alikaa chini uani akalia bila kujificha. Gitobu naye alilia. Yule jamaa wa buti walipompigia, simu yake ilikuwa imezimwa.

Siku iliyofuata Gitobu alisafiri hadi Embu na madereva wake wote, akiwa amebeba kitita cha miraa teule, jinsi watu wa kwao Igembe wanavyokwenda kuomba radhi. Alikiri udanganyifu wake mbele yao wote, walewale waliosikia matusi, na Kananu akiwa kando yake.

Wawira alikigeuza kile kitita mikononi. "Lakini mimi sitafuni, bwana Gitobu."

"Si ya kutafuna, mama. Ni ya kuomba."

Wawira akakiweka juu ya meza, mahali ambapo kila mteja angekiona. Kisha akainua simu na kumpigia mhandisi wa kiwanda. "Yule mtu wa Kangeta amerudi," akasema. "Ndiyo, amekiri mwenyewe. Njoo tena uone magari yake."

FUNZO

Wenye magari, sikilizeni. Ujanja wa kumwibia anayekuuzia spea ni kujikatia tawi ulilokalia. Mheshimu, mwambie ukweli hata gari likiharibika kwa kosa lako, na kiwanda kikujue kupitia kwake. Bei nzuri hupatikana popote, hata kwenye buti ya gari. Mtu wa kupokea simu yako mtoto wako akiwa hatarini hapatikani huko.

Na kama umeshamkosea, usingoje mteremko. Nenda leo.