Jina Lililomnyamazisha Damaris

Nabwire alikuwa jirani yangu wa ukuta mmoja pale mtaa wa Tena, Nairobi. Mumewe, Wanyonyi, alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni. Mwezi wa Novemba 1995 walipata mtoto wao wa kwanza, msichana, baada ya mimba mbili kuharibika. Kanisani walimwandikisha Damaris. Mama yake Wanyonyi, Mama Nabalayo, alituma ujumbe kutoka Bungoma kwamba jina la kanisa ni la karatasi. La ukoo angekuja kulitafuta mwenyewe.

Chumba kimoja hakingewatosha wageni. Wanyonyi akakodi nyumba ya mawe kule Njiru, Ijumaa hadi Jumapili. Ilijengwa na mlowezi wa Kizungu miaka ya ishirini, Njiru yote ilipokuwa shamba. Mwenye nyumba wa sasa alikuwa ameitengeneza upya: mabati mapya, sakafu ya mbao iliyopigwa msasa, bafu la maji moto. Kwaya na vyama vya akina mama walikuwa wakienda kupumzika huko. Sisi tulikuwa kumi na wawili. Tulifika Ijumaa, tukachinja kuku, tukaimba, tukalala salama.

Jumamosi, vyombo vya mchana vikiwa bado mezani, Damaris alianza kulia.

Mama Nabalayo hakushtuka. Alivuta kiti akaketi mbele ya Nabwire. "Huyu haumwi," alisema. "Anataka aitwe. Mpe ziwa, mwanangu."

Desturi yao ni hiyo. Mtoto akilia bila ugonjwa, mkubwa hutaja majina ya wafu wa ukoo, moja moja, mama akiwa amemwekea mtoto ziwa mdomoni. Mtoto akinyamaza na kunyonya, jina limepatikana. Na aliyeitwa huja kumlea.

"Kama ni wewe, Nekesa, nyonya."

Mtoto alilia.

"Kama ni wewe, Khalayi, nyonya."

Alilia. Mama Nabalayo alipita kwa shangazi, kwa nyanya, kwa wake wenza wa nyanya. Akahamia upande wa kina Nabwire. Saa nzima ilikwisha. Mtoto alikuwa amebadilika rangi usoni, na sauti ilianza kukauka.

Javan, mdogo wake Wanyonyi, alikuwa amesimama karibu na dirisha akichokoa meno. Ukutani mwenye nyumba alikuwa ametundika picha za zamani zilizokutwa darini. Moja ilimwonyesha mwanamke Mwafrika mwenye aproni nyeupe, amebeba mtoto wa Kizungu. Chini yake kulikuwa na maandishi ya wino.

"Mathe, umemaliza makaburi yote ya Bungoma," Javan alisema. "Jaribu huyu wa ukutani." Akainama asome. "Kama ni wewe, Nthenya, nyonya."

Watu walicheka. Kicheko kilikatika.

Damaris alikuwa amenyamaza. Midomo yake ilikuwa ikinyonya, polepole, kwa nguvu. Lakini uso ulikuwa umegeuka upande wa pili, mbali na ziwa la mama yake. Hapo hapakuwa na mtu.

"Javan," Mama Nabalayo alisema kwa sauti ndogo. "Umemwita nani?"

"Si nilikuwa nafanya mzaha tu."

"Nimeuliza umemwita nani."

Wanyonyi alienda kumwita mtunza nyumba, Mzee Kimanzi, Mkamba wa Kangundo. Mzee alivua kofia, akaitazama picha, kisha mtoto. Alieleza kwa maneno machache. Nthenya, Mkamba mwenzake, alikuwa yaya hapa. Aliletwa akiwa na maziwa, kwa sababu mke wa mlowezi hakuwa nayo. Hakuruhusiwa kuja na mtoto wake.

"Na huyo mtoto wake?" Nabwire aliuliza.

"Alibaki kwa nyanya yake. Hakumaliza mwezi." Mzee alirudisha kofia kichwani. "Watu wetu hawaliiti jina hilo humu ndani, mama."

Mama Nabalayo alianza upya majina yote. Mtoto hakulia tena, wala hakumtazama. Nabwire alimpa ziwa mara nne kabla ya jua kuzama. Mara zote alifunga midomo.

Asubuhi tuliamka tukamkuta ametulia. Pembeni mwa mdomo kulikuwa na maziwa yaliyokauka.

"Nani amemnyonyesha?" Nabwire aliuliza. Tulitazamana. Hakuna mwanamke mwingine kati yetu aliyekuwa na mtoto mchanga.

Tulianza kufunga mizigo. Nabwire alimlaza Damaris kitandani akaja jikoni kuchukua chupa ya chai. Hakukaa hata dakika mbili. Tuliporudi pamoja, mlango ulikuwa umeegeshwa. Nabwire alinishika mkono.

Ndani kulikuwa na sauti. Mtoto akinyonya. Akimeza. Akipumua kwa pua. Akimeza tena.

Nabwire alisukuma mlango.

Damaris alikuwa peke yake. Macho yalikuwa yamefumbwa. Kichwa chake hakikugusa mto. Kilikuwa kimeinuka juu kidogo, kimeegemea upande, kama kichwa kilicholazwa juu ya mkono.

Hakukuwa na mkono.

Nabwire alimnyakua. Hapo tu ndipo mtoto alipolia. Alilia njia nzima hadi Tena.

Jioni hiyo, kupitia ule ukuta, nilimsikia Nabwire akiuliza, "Mama, mtoto wangu atakufa?"

"Hatakufa," Mama Nabalayo alijibu. "Tatizo si kufa. Aliyekuja ni mlezi."

"Basi mwondoe."

"Wa kwetu ningemwomba. Huyu si wa kwetu. Sijui hata kama anaelewa lugha yetu."

Walijaribu maziwa ya kopo, aliyatema. Walijaribu uji mwepesi wa kijiko, aliutema. Mchungaji alikuja mara mbili na wazee wa kanisa, wakaomba hadi sauti zikawakauka. Matiti ya Nabwire yaliuma, kisha maziwa yakakauka. Alikonda yeye. Damaris alinenepa.

Baada ya wiki mbili nilimsindikiza Nabwire kliniki. Tulingoja kwenye benchi. Mtoto alilia mikononi mwa Nabwire, akalia mikononi mwangu. Hatimaye Nabwire alichoka, akamlaza kwenye benchi tupu, akarudi nyuma hatua mbili. Damaris alinyamaza papo hapo. Akatabasamu, akitazama juu.

Nabwire alisimama pale alipokuwa. Hakumsogelea tena hadi nesi alipoliita jina la Damaris.

Nesi alimpima. Alisawazisha mizani, akampima tena. Katika siku kumi na nne alikuwa ameongeza kilo moja na robo.

"Mama Damaris, unafanya kazi nzuri," alisema. "Endelea vivyo hivyo."

Nesi alijaza kadi, akanipa mimi niishike. Wino haukuwa umekauka. Penye nafasi ya maelezo alikuwa ameandika: *Ananyonya vizuri.*